Namna ya kuomba nembo yako ikosolewe, na namna ya kunyamaza ikikosolewa

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya watu. Mwandishi akiniletea mswada na kuuliza, "Umeuonaje, ni mzuri?" nitamjibu kwa adabu, na jibu langu halitamfaa kitu. Akiniuliza, "Ni ukurasa gani ulikuchosha ukauweka mswada chini?" hapo tunaanza kazi. Hilo nalijua kwa miaka mingi. Hata hivyo, nilipojichorea nembo ya herufi mbili za jina langu, N na Z, niliwatumia watu 11 na kuwauliza kama ni nzuri. Wote 11 walisema ni nzuri. Nikaiweka juu ya barua zangu. Mwandishi mmoja mgeni, aliyekuwa hajawahi kuniona, aliipokea barua ya kwanza akauliza kama nafanya na kazi za umeme.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wembe anao na ufundi anao, ila kisogo chake hakioni. Nembo ya jina lako ndiyo kisogo chako. Uliichora ukijua tayari inasomeka nini, kwa hiyo macho yako hayawezi tena kuitazama kama ya mtu anayekutana nayo leo. Inabidi uazime macho, na kuna namna ya kuyaazima.

Kabla hujamwonyesha mtu

Andika sentensi moja inayosema nembo itakaa wapi na itafanya nini. Yangu ilikuwa hivi: "Itakaa juu ya barua na kwenye picha ya duara ya wasifu, na imfanye mwandishi aamini kwamba mswada wake uko kwa mtu makini." Sentensi hii usimpe mkosoaji mwanzoni. Mpe akishamaliza kusema alichokiona, ili awe na kipimo cha pamoja nawe. Asipokuwa nacho atapima kwa anachopenda yeye, nawe utaondoka na rundo la mapendeleo ya watu.

Kisha itoe rangi yote, ibaki nyeusi juu ya nyeupe. Mtu akiona rangi ataizungumzia rangi kwanza, na huenda asifike kwenye umbo kabisa. Tena rangi si kitu cha kuegemea: miongoni mwa wanaume wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, takriban 1 kati ya 12 hutofautisha nyekundu na kijani kwa shida. Nembo inayosimama kwa rangi peke yake imeshawapoteza hao.

Itayarishe kwa ukubwa wa aina tatu: ijaze ukurasa, iwe kama ukucha wa kidole gumba, halafu iwe pikseli 16 kwa 16, ule ukubwa mdogo wa picha inayokaa kwenye kichupo cha kivinjari. Nembo nyingi hufia hapo. Rob Janoff alipolichora tofaa la Apple mwaka 1977 aliling'ata upande mmoja, kwa sababu bila alama ya meno, likiwa dogo, mtu angeweza kulidhani cheri. Ule mng'ato ni jibu la tatizo la udogo. Ukiitazama nembo yako kwa udogo huo na usione kitu, usimsumbue mtu bado, rudi mezani.

Igeuze juu chini, itazame na kwenye kioo, kisha ifungie siku mbili tatu bila kuigusa. Makosa utakayoyaona mwenyewe ukirudi yarekebishe, maana si haki kumtumia mtu mwenye shughuli zake kukuonyesha kitu ambacho ungekiona.

Nani wa kumwuliza

Wale 11 wangu walikuwa ndugu, marafiki na wenzangu wa kazini. Sikuelewa kosa langu mpaka baadaye: wote walijua jina langu. Mtu anayelijua jina lako atalisoma hata ungelichora kwa mkaa gizani. Hawezi kukupimia kama nembo inasomeka, kwa sababu ameshaisoma kabla ya kuitazama. Ndugu waulize mambo mengine, kwa mfano kama nembo inafanana nawe. Hilo wanalijua kuliko mtu yeyote.

Kwa kusomeka tafuta asiyekujua. Kwa ufundi tafuta mtu aliyezoea kutazama herufi: mchoraji wa mabango, mpanga kurasa, msanifu. Kwa faida tafuta mmoja anayefanana na mtu unayetaka akupe kazi. Ongeza mzee mmoja ambaye macho yake yamepungua nguvu. Watu watano au sita wa namna hii wananitosha, na nawaona mmoja mmoja. Nilipowahi kuwaonyesha watatu kwa pamoja, wa kwanza alisema "kama mlima" na wengine wawili hawakuona tena kitu kingine isipokuwa mlima.

Namna ya kuuliza

Mwonyeshe nembo kwa sekunde tano, uifunike, umwombe akueleze alichokiona. Bora zaidi, mpe kalamu aichore kwa kumbukumbu. Usiseme lolote kabla ya hapo, hata "samahani bado haijakamilika," kwa kuwa neno hilo tu linamwomba akuhurumie. Anachokichora ndicho nembo yako ilivyo kichwani mwa watu. Mstari aliousahau huenda hauna kazi, na mstari aliouongeza huenda ndio umbo lako lilikuwa linautaka.

Ukiwa mbali naye, tuma ujumbe. Mimi sasa huandika hivi:

"Habari. Naomba dakika tano zako. Fungua picha hii mara moja, ihesabie hadi tano, uifunge. Niandikie: umeona herufi gani au kitu gani? Imekukumbusha nini? Unadhani mwenye nembo hii anafanya kazi gani? Baada ya hapo ifungue tena uniambie jicho lako linakwama wapi. Huna haja ya kuniambia kama umeipenda."

Swali la "imekukumbusha nini" usiliache. Ndilo litakalokuambia mapema kwamba umbo lako linafanana na alama ya mtu mwingine, jambo linaloweza kukuletea matatizo ya kisheria kama alama hiyo imesajiliwa. Itafute pia kwa picha kwenye intaneti.

Na kwa nini nawaambia watu wasiseme kama wameipenda? Mwaka 1971 mwanafunzi wa usanifu, Carolyn Davidson, alimchorea Phil Knight, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Nike, ile alama ya Nike kwa dola 35 za Marekani. Knight hakuipenda sana mwanzoni. Kupenda huja na mazoea, na mtu anayeitazama nembo kwa mara ya kwanza hana mazoea nayo. Lakini kuona anaona, na alichokiona hakibadiliki kwa adabu.

Onyesha nembo moja, wala usipange tatu kwa mstari. Ukipanga tatu watu wanaacha kutazama, wanaanza kuchagua, na mtu aliyechagua huona ameshamaliza kazi yake.

Namna ya kupokea

Hapa ndipo pagumu, na sitaki kumdanganya mtu kwamba ni suala la kuwa na ngozi nene. Nembo ya kampuni ikikosolewa, inayokosolewa ni kampuni. Nembo ya jina lako ikikosolewa, limetajwa jina ulilopewa na wazazi wako. Ukiumia, si udhaifu. Ila usijibu ukiwa umeumia.

Mimi huandika maneno ya mtu kama alivyoyatamka, bila kuyalainisha, nikamwambia asante, nikamwuliza swali moja tu: "Hapo hasa ni wapi?" Kujieleza hapana. Nembo itakwenda mahali ambapo mimi sipo, nani ataieleza huko?

Maneno yaliyoniuma kuliko yote aliyasema mzee mmoja aliyepanga chapa maisha yake yote. Nilimwonyesha kwa fahari. Nilikuwa nimegundua kwamba N ukiigeuza robo mzunguko inakuwa Z, basi nikatumia umbo lilelile mara mbili, nikazipishanisha na kuzilaza kidogo upande. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema: "Herufi hizi hazijuani." Hakuongeza neno. Nilikasirika siku mbili. Ni umbo moja, zitakosaje kujuana?

Siku ya tatu nilirudi na daftari nikamwuliza ni wapi hasa, naye akanionyesha kwa ncha ya kalamu. N yangu ilikuwa ndefu na nyembamba, kwa hiyo ilipogeuzwa ikawa Z fupi na pana, kama mtu aliyelala karibu na mtu aliyesimama. Halafu jicho la mtu huuona mstari wa mlalo kuwa mnene kuliko wa wima, hata kama upana wake ni uleule. Kwa sababu hiyo wachora herufi huipunguza unene kidogo mistari ya mlalo. Mistari ya wima ya N yangu ilipogeuka kuwa ya mlalo, Z ikaonekana nzito kuliko mwenzake. Na Z nzuri huwa na mstari wa juu mfupi kidogo kuliko wa chini, vinginevyo huonekana kama inataka kuanguka kifudifudi. Makosa matatu yalikuwa yamekaa ndani ya maneno matatu, na kama ningemjibu siku ile nisingepata hata moja.

Tenganisha daima ugonjwa na dawa. Watu ni wepesi kutoa dawa: "weka bluu," "ikuze," "toa hiyo Z." Dawa zao mara nyingi hazifai, kwa sababu hawajui ulichokwisha kujaribu. Lakini nyuma ya kila dawa kuna mahali palipowauma. Rafiki yangu aliyeona nembo ile ikiwa ya manjano juu ya weusi alisisitiza niweke bluu. Nilipomwuliza kwa nini, alisema inamtisha. Hapo nikaelewa yeye na yule mwandishi mgeni wanasema jambo moja: alama ya kimataifa ya hatari ya umeme ni pembetatu ya manjano yenye umbo jeusi la radi, na herufi zangu zilizopishana na kulala zilikuwa zimetengeneza radi hiyohiyo. Bluu isingeitibu. Nilizisimamisha herufi wima, nikazitenganisha kwa nafasi ndogo, na manjano nikaibakisha.

Wakipingana, sihesabu kura. Mmoja aliyesoma vibaya akiwa ndiye msomaji ninayemtaka ana uzito kuliko wanne waliosema hawapendi pembe kali. Ila watu watatu wasiojuana wakikwama mahali pamoja, pale pana shimo, hata kama mimi silioni. Na mtu akikukosoa kwa ukali, chukua hoja, ukali mwachie.

Yapo ya kukataa. Wawili waliniambia niachane kabisa na wazo la kugeuza herufi. Nilikataa, kwa kuwa hakuna aliyeshindwa kuisoma nembo kwa sababu ya wazo lenyewe. Walishindwa kwa sababu nililitekeleza vibaya. Andika sababu ya kila unalolikataa. Ukikosa sababu zaidi ya "naipenda hivi," likubali kwanza kwa siku moja uone.

Ukimaliza kurekebisha, warudie waliokusaidia uwaonyeshe nini kimebadilika kwa ajili ya maneno yao. Ni heshima yao, na safari nyingine watakuambia ukweli mapema zaidi. Lakini usiwatumie kupima upya. Macho yao yameshafundishwa kuisoma nembo, kama yako. Kwa mzunguko wa pili tafuta watu wapya kabisa.

Mimi niliwapata wanne. Wa nne alikuwa binti wa jirani wa mtu ninayefanya naye kazi, hajawahi kulisikia jina langu. Aliitazama kwa sekunde tano, nikaifunika, akachukua kalamu akachora N imesimama, kisha akaigeuza karatasi robo mzunguko na kuchora N nyingine.