Kurekebisha bunduki na magari ya Project Zomboid yafanane na ya kweli

Mchezo umewekwa Kentucky, Julai 1993, kwa hiyo linganisha na vitu vya enzi hizo. Kwa toleo la 41, tengeneza folda ya modi (nyongeza inayobadilisha mchezo) ndani ya Zomboid/mods, weka faili la mod.info lenye name na id, kisha faili la Lua (lugha ya programu inayotumiwa na mchezo) ndani ya media/lua/shared:

local s = ScriptManager.instance:getItem("Base.Pistol")
if s then s:DoParam("Weight = 0.95") end

Hiyo ni bastola ya M9, takriban kilo 0.95 bila risasi. Usiiondoe "if": ukikosea herufi moja ya jina, getItem hurudisha nil (yaani hakuna kitu), na bila "if" faili lote hukwama. Idadi ya risasi ipo kwenye magazini (kasha la risasi): MaxAmmo ni 15 kwa M9, 7 kwa M1911.

Magari ndiyo yenye kisirani. Ukipandisha mass (uzito wa gari) bila kugusa engineForce (nguvu ya injini), gari linakokota kama mkokoteni. Pandisha zote mbili kwa uwiano uleule, ukijaribu gari moja moja. Na jaribu kwenye dunia mpya. Vitu vilivyokwisha kuhifadhiwa vinaweza kukudanganya.