Somo: Kuvundika bia ya viungo ya Krismasi

Mbege ya kwetu Uchagani haimsubirishi mtu. Ikiiva inanyweka, ikilala siku mbili tatu imeshakuwa kali kama siki, kwa hiyo hakuna anayeuliza itatunzwaje. Bia ya viungo ni kinyume chake. Ukiionja siku inapomaliza kuchachuka utadhani umeharibu: pombe inachoma kooni, mdalasini unasema lake, karafuu nayo lake, na kimea kimejificha nyuma. Inataka kuvundikwa kama ndizi. Mimi napika hapa Minnesota mwanzoni mwa Septemba ili chupa ya kwanza ya wageni ifunguliwe mkesha wa Krismasi, na somo hili linaanzia pale dumu lilipotulia.

Vipimo vyangu ni vya dumu la lita 19, bia nyeusi-nyekundu iliyoanza kwenye 1.070 ya haidromita (kifaa kinachoelea kuonyesha uzito wa bia ukilinganisha na maji) na kuishia 1.016. Hiyo ni kama asilimia 7 ya kilevi. Bia nyepesi ya asilimia 4 usiihangaishe na somo hili, inywe ikiwa changa.

Hatua ya 1. Hakikisha imemaliza. Pima leo, pima tena baada ya siku tatu. Namba zikiwa sawa, endelea. Zikiwa bado zinashuka, iache. Kukoma kwa mapovu si kipimo, maana hamira inaweza kuwa imelala tu kwa baridi, na ukiifungia kwenye chupa itaamka humo humo. Chupa ya kioo ikipasuka stoo usiku wa manane, hutaisahau.

Hatua ya 2. Andaa viungo pembeni. Hapa ndipo ninapobishana na wenzangu wanaotupa viungo kwenye sufuria inayochemka. Mwaka wangu wa kwanza nilitumbukiza karafuu 12 moja kwa moja kwenye dumu, nikaziacha wiki nzima. Wageni walikunywa, midomo ikafa ganzi, na shangazi yangu akauliza kama nimewapa dawa ya jino. Hakukosea, kwani kinachotuliza jino kwenye mafuta ya karafuu ndicho kilichojaa kwenye bia yangu.

Tangu hapo naloweka. Chukua kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu 4, iliki 5 zilizopondwa kidogo, kipande cha kungumanga, na ganda la chungwa moja bila ile nyama nyeupe yenye uchungu. Tia kwenye chupa ya jamu, mwagia mililita 150 za vodka, funika siku tano, kisha chuja kwa karatasi ya kahawa.

Sasa usikisie. Mimina bia mililita 100 katika glasi nne. Kwa bomba dogo la kunyweshea watoto dawa, tia mililita 0.2 za vodka hiyo glasi ya kwanza, 0.3 ya pili, 0.4 ya tatu, 0.5 ya nne. Onja, ikiwezekana na mtu asiyejua ipi ni ipi. Ukiipenda ya 0.3, hiyo ni mililita 3 kwa lita, yaani 54 kwa lita 18 zitakazobaki ukishaacha mashapo. Ukisita kati ya glasi mbili, chagua yenye viungo zaidi kidogo, kwa sababu harufu yake hupungua kadiri miezi inavyokwenda.

Hatua ya 3. Sukari ya gesi na chupa. Chemsha gramu 100 za sukari nyeupe katika vikombe viwili vya maji kwa dakika kumi, ipoe, imimine kwenye ndoo safi iliyooshwa kwa dawa pamoja na ile vodka ya viungo uliyoipima. Hamishia bia kwa mpira, ncha yake ikae chini kabisa ya ndoo ili bia izunguke kimyakimya bila kurusha matone. Hewa ikiingia sasa, baada ya miezi miwili utaonja boksi lililolowa maji. Tumia chupa za kahawia, maana mwanga huipa bia harufu mbaya. Chupa moja iwe ya plastiki ya soda: ikigangamaa ukiibonyeza, na zile za kioo zimepata gesi.

Hatua ya 4. Zilaze, lakini zikiwa wima. Wiki tatu kwenye joto la nyuzi 20 hadi 22, ili hamira iile sukari na kutoa gesi. Kisha zishushe mahali penye baridi na giza, nyuzi 10 hadi 13, wiki sita hadi nane. Besimenti yangu inatosha. Fungua moja kila wiki mbili, uandike ulichoonja. Utasikia ule ukali ukilainika, na viungo vikiacha kugombana.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Niko Leeds, wiki mbili zimepita na chupa ni kama maji, hazina gesi hata kidogo. Ziko gereji.

Marahaba. Gereji ya Leeds mwezi wa kumi na moja ni friji, mwanangu. Ziingize ndani, pindua kila chupa taratibu ili mashapo yachanganyike, subiri wiki mbili nyingine. Usiongeze sukari!

Kaka, naweza kutumia viungo vya unga? Ninavyo vya pilau.

Vya pilau vina bizari nyembamba na pilipili manga, hiyo itakuwa mchuzi. Na unga wowote unachafua bia na hauchujiki vizuri. Vizima tu.

Mimi niko Houston, sina besimenti, nyumba ni ya moto. Nifanyeje?

Ikishapata gesi, weka kwenye friji. Itakomaa polepole zaidi, lakini ni afadhali kuliko kukaa kwenye nyuzi 30, ambako inazeeka kabla ya kukomaa.

Majirani wameonja, wanataka kununua. Naruhusiwa?

Hapana. Sheria ya Marekani iliyosainiwa mwaka 1978 inaruhusu galoni 200 kwa mwaka kwa nyumba yenye watu wazima wawili, kwa matumizi yenu tu, si ya kuuza. Wakaribishe wanywe.

Tayari nimezidisha karafuu, chupa zote 50. Nimwage?

Usimwage. Zisahau hadi Krismasi ijayo. Zangu zile za dawa ya jino, zilizobaki sita, zilinyweka mwaka uliofuata, na shangazi aliomba ya pili.