Jinsi ya Kupanda na Kupogoa Clematis montana

Clematis montana ni mmea wa kuparamia wenye asili ya misitu ya milimani ya Asia, kuanzia Himalaya hadi China, ambako hukwea juu ya miti mingine kutafuta jua ilhali mizizi yake hubaki chini, penye kivuli na unyevunyevu. Mkulima anayelizingatia jambo hilo moja amekwisha kumaliza nusu ya kazi.

Chagua mahali ambapo sehemu ya juu itapata jua na shina litapata kivuli, kisha chimba shimo umbali wa sentimita 30 hadi 45 kutoka ukutani, kwa kuwa udongo ulio chini kabisa ya ukuta huwa mkavu hata mvua inaponyesha. Changanya udongo na mboji iliyooza vizuri, hakikisha maji hayatuami, na ulaze mche kidogo kuelekea ukuta kwa msaada wa kijiti. Mwagilia hadi maji yazame, halafu tandaza majani makavu juu ya mizizi bila kuyagusisha na shina.

Mmea huu hauna mikono ya kujishikizia wala mizizi ya kung'ang'ania ukuta. Hushika kwa vikonyo vya majani yake. Ukitazama kwa karibu utaona kikonyo kilichogusa waya kikijikunja na kuuzunguka kama kidole, kisha kikikakamaa hapo. Kwa sababu hiyo nguzo nene haiufai, bali waya mwembamba au wavu. Mashina machanga yaelekezwe kwa upole, maana hukatika upesi (mimi mwenyewe nimeyavunja zaidi ya mara moja kwa haraka zangu). Kumbuka pia kwamba mmea huu unaweza kufikia urefu wa mita 10 au zaidi, kwa hiyo uzio mfupi utaelemewa.

Katika kupogoa ndipo wengi hukosea. Maua yake, yenye sehemu nne nyeupe au za waridi ambazo watu huzidhania petali ingawa kwa kweli ni sepali (sehemu za nje zinazofunika ua likiwa bado tumba), huchanua mwishoni mwa majira ya kuchipua juu ya mashina yaliyokua mwaka uliotangulia. Anayekata wakati wa baridi, akidhani anausafisha mmea uliolala, huwa anakata machipukizi ya maua yote ya msimu unaokuja, kisha hulaumu mbolea. Kata mara tu maua yanapopukutika, ili mmea upate miezi ya kutosha kuotesha mashina mapya. Usiokuwa na msongamano hauhitaji kukatwa kila mwaka. Uliozeeka na kusokotana upunguzwe kwa awamu, kwani shina kuukuu likikatwa karibu na ardhi huenda lisichipue tena.

Ukitaka kuuzalisha, chukua mashina ya mwaka huo yaliyoanza kukomaa na uyakate katikati ya pingili badala ya chini ya kifundo, kila kipande kikiwa na jozi moja ya majani juu. Ondoa jani moja kati ya hayo mawili ili kipande kisipoteze maji mengi, kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, na ukifunike kwa plastiki inayopitisha mwanga. Vaa glavu wakati wa kazi hii, kwa kuwa utomvu wake huwasha ngozi.