Jinsi ya kutafuta na kupunguza mivujo ya maji Goma

Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, na jambo hilo linageuza kazi yote ya kutafuta mivujo. Penye udongo mzito, bomba likipasuka maji hupanda na barabara hulowa. Kwetu maji huzama kwenye nyufa za lava, na bomba laweza kuvuja miezi mizima chini ya barabara kavu. Usisubiri kuona maji. Pima! Kila bidoni inayozama imekwisha kupandishwa na pampu kutoka Ziwa Kivu, na umeme au mazutu yake yamekwisha kulipiwa.

Chagua eneo dogo linaloweza kufungika, lenye nyumba 500 hadi 1,000 zilizounganishwa. Funga vane (vali za kufungia bomba) zote za mpakani, acha njia moja tu ya kuingiza maji, na hapo ndipo uweke mita. Kisha hakikisha eneo limefungika kweli: usiku, funga hata ile njia moja kwa dakika chache na utazame manometa, kipimo cha presha, ndani ya eneo. Presha isiposhuka hadi karibu na sifuri, kuna vane inayopitisha maji, au kuna bomba lisiloonekana kwenye ramani. Ukiruka hatua hii, hesabu zote zinazofuata ni bure.

Soma mita kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wanapokuwa wamelala. Mtaa unaopata maji kwa zamu unahitaji uangalifu zaidi, maana usiku ndipo matangi yanapojazwa, na utayahesabu kama mivujo. Uache upate maji siku 2 au 3 mfululizo, matangi yajae, ndipo upime.

Mfano: eneo la watu 4,000, mita inaonyesha mita za ujazo 11.4 kwa saa. Kadiria kwamba watu 6 kati ya 100 wanatumia choo saa hiyo, lita 10 kila mmoja: mita za ujazo 2.4. Hospitali na hoteli zisomewe mita zao peke yake, saa ileile. Kama hakuna, 9 zinazobaki ni mivujo. Kwa kutwa zidisha kwa 20, si kwa 24, kwa sababu mchana presha hushuka na mivujo hupungua. Unapata mita za ujazo 180, yaani bidoni 9,000 za lita 20.

Sasa tafuta mvujo ulipo. Usiku huohuo funga vane za ndani moja baada ya nyingine, ukianzia mwisho wa mtandao na kurudi kuelekea mita. Mtiririko ukishuka ghafla baada ya kufunga tawi fulani, mvujo uko huko. Fungua tena polepole: kufungua kwa kishindo hupasua viungo vingine. Kumbuka pia kwamba bomba lililoishiwa presha hunyonya maji machafu kupitia tundu lilelile linalovujisha, na Goma inaijua kipindupindu. Kabla ya kurudisha maji kwa watu, yamwage mpaka yawe safi, kisha upime klorini: isiwe chini ya miligramu 0.2 kwa lita kwenye robine.

Kusikiliza kwa fimbo ya chuma husaidia kwenye bomba la chuma. Plastiki humeza sauti baada ya mita chache, kwa hiyo sikiliza kwenye kila kolie (kishikio kinachounganisha bomba la nyumba na bomba kuu) na kila vane, usiishie kwenye ncha za barabara. Kolie za nyumba ndizo za kushukiwa kwanza.

Mabomba meusi ya polietilini yaliyolazwa juu ya lava yana ugonjwa wao. Mita 100 za bomba hilo zikipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka kama sentimita 40. Usiku hujivuta tena. Likinyooshwa kama kamba, huchomoka kwenye viungo, na likijisugua juu ya jiwe kali hutoboka. Lilaze kwa mawimbi, juu ya sentimita 10 za mchanga laini, kisha ulifunike.

Kufunga tundu kwa mpira wa gurudumu si kutengeneza. Presha ya usiku huuvuta mpira na jua huukausha, na mvujo unarudi. Kata kipande kibovu, kata wima kabisa, chonga ukingo, weka alama ya kina cha kuingia, paka raba ya kiungo maji ya sabuni (kamwe si mafuta ya gari, yanaila), sukuma bomba ndani ya kiungo mpaka alama, kaza. Tundu la milimita 5 kwa presha ya bari 3 hutoa karibu mita za ujazo 25 kwa siku. Haifai kuliachia mpira.

Presha yenyewe iangaliwe. Kila mita 10 za mteremko huongeza takriban bari 1, hivyo mitaa ya karibu na ziwa kama Himbi hubeba presha kubwa kuliko ile ya juu inayolishwa na tangi moja nayo. Vane ya kupunguza presha ikishusha bari 6 hadi 3 kwenye mtandao wa plastiki, mivujo iliyobaki hupungua nusu au zaidi bila kuchimba popote.

Andika kila tengenezo: tarehe, mahali, aina ya bomba, chanzo. Viungo vitatu vikivuja ndani ya mita 100 zilezile kwa mwaka mmoja, acha kuviziba. Badilisha kipande chote.