Mbwa katoka bodingi anakupita kama hakujui? Fanya hivi

Mara ya kwanza kwenda kumchukua mbwa wangu Simba bodingi, yaani keneli, kule unakomwacha mbwa atunzwe ukisafiri, baada ya siku kumi nilikuwa nimejiandaa kurukiwa mpaka nianguke. Nimefika getini, nimechuchumaa kabisa na mikono nimeifungua, jamaa akatoka na yule kijana wa keneli, akaninusa kiatu kama sekunde mbili, akanipita, akaenda kukojolea tairi la gari. Basi. Njia nzima kanipa mgongo anaangalia dirishani. Tulivyofika nyumbani nilishaamini mbwa kaninunia, nikaanza kumbembeleza kwa kila kilichokuwemo kwenye friji, na hilo ndo lilikuwa kosa langu kubwa wiki ile, tutafika huko.

Kwanza tuondoe hili la kununa. Mbwa hakai keneli siku kumi anapanga jinsi ya kukukomoa. Kachoka tu: kule kelele kutwa, harufu za mbwa wageni, usingizi wa kukatika katika, na kotisoli, ile homoni ya stresi, inapanda. Akitoka hapo hana nguvu za sherehe. Charles Darwin alishamjaribu mbwa wake mwenyewe, tena mbwa mkali asiyetaka wageni, baada ya kuwa mbali naye miaka 5 na siku 2. Akasogea karibu na banda alilokuwa anakaa, akamwita kwa ile sauti yake ya zamani, na mbwa hakuonyesha furaha yoyote, alimfuata tu kutembea na kumtii kama vile wameachana nusu saa iliyopita. Sasa we na siku zako kumi unalia nini?

Wapo wa upande wa pili pia, wanaopiga kelele, wanazunguka, wanajikojolea pale pale miguuni kwako. Hao nao wako sawa. Kuna watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2022 kwamba mbwa akikutana tena na mwenyewe machozi yanaongezeka machoni, ila akikutana na mtu mwingine anayemjua hayaongezeki. Na ukipata utulivu angalia mkia, kuna utafiti wa 2007 ulioonyesha mbwa akimwona mwenyewe anautikisa zaidi kuelekea upande wake wa kulia. Mi nimejaribu kuangalia, wa kwangu anatikisa mpaka kiuno, sikuona cha kulia wala kushoto.

Haya, tuanzie getini. Ukifika usiongeze moto. Ongea naye kwa sauti ya kawaida, simama kiubavu, mwache yeye ndo akufuate, na akijikojolea kwa furaha usimgombeze maana hakufanya makusudi na ukali unalizidisha. Mvishe kamba kabla hajatoka mlangoni, maana mbwa aliyefungiwa siku nyingi akiona geti wazi anatoka kama risasi. Kabla hujaondoka muulize mhudumu maswali ya maana: alikuwa anakula vizuri? Choo kilikuwaje? Alibweka sana? Kapewa dawa yoyote? Jibu la "alikuwa poa tu" halitoshi, uliza tena. Alafu hapo hapo mpapase mwili mzima: nyayo kama zimechubuka kwa kuzunguka kwenye sakafu ya simenti, pua kama ina mikwaruzo ya kusukuma wavu, masikio na katikati ya vidole kama kuna kupe. Kupungua kidogo si ajabu, wengine hawali wakiwa na stresi, ila mbavu zikitoka au ukikuta kidonda ambacho hukuambiwa, piga picha pale pale na udai maelezo.

Kabla ya kuingia ndani mtembeze mwendo mfupi wa taratibu, ajisaidie, anuse mtaa wake. Kama una mbwa mwingine nyumbani wakutanishe huko huko nje, watembee pamoja, maana huyu anarudi na harufu ya keneli na yule aliyebaki anaweza kumngurumia kama mgeni.

Sasa maji. Wengi wakifika wanakunywa kama wametoka jangwani, na mtu anapiga simu keneli kutukana kwamba mbwa wake alinyimwa maji. Mara nyingi maji yalikuwepo, ila alikuwa anahema na kubweka kutwa, na wengine hawanywi vizuri ugenini. Mpe kidogo kidogo, asubiri, mpe tena. Chakula vivyo hivyo, subiri atulie kwanza, alafu mpe kiasi kidogo cha kile kile alichozoea. Hapa ndo mi nilipoharibu. Nilimpa nyama, nikampa jibini, nikampa na mifupa, na saa tisa usiku naamka naingiza mguu sebuleni, zulia lote limechafuka na yeye kasimama kwenye kona kajikunja masikio kalaza. Tumbo lililokwisha vurugwa na stresi huliongezei karamu. Kuharisha siku moja au mbili baada ya bodingi kunatokea sana, hata ukiona ute kidogo kwenye choo, na mbwa mzima mwenye nguvu kwa kawaida anapona kwa wali mweupe na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi wala chumvi. Ila damu nyingi, kutapika mfululizo, kulegea, au kama bado ni kitoto, usisubiri, nenda kwa daktari wa mifugo. Na wenye mbwa wakubwa wa kifua kirefu mnisikilize vizuri: tumbo likivimba na kukaza na anajaribu kutapika hakitoki kitu, hilo tumbo linaweza kuwa limejisokota, ni dharura ya saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Usingizi utakutisha. Simba alilala sakafuni jikoni, wala hakufika kwenye godoro lake, nikawa naenda kuangalia mbavu kama zinapanda na kushuka. Siku moja mpaka mbili za kulala hivyo ni kawaida, mradi ukimwamsha anaamka, anakula na anatoka kukojoa. Usimwitie wageni kuja kumsalimia, usimpeleke kuoga siku hiyo hiyo hata kama ananuka, shampuu inasubiri mpaka kesho kutwa.

Sauti ikiwa imekauka ni kubweka tu, itarudi yenyewe baada ya siku chache. Kikohozi ni habari nyingine. Kile cha keneli hakianzi siku anayorudi lazima, kinaweza kutokea siku 2 mpaka 14 baadaye, wakati ulishasahau kabisa mambo ya bodingi. Ni kikavu, kama kuna kitu kimemkwama kooni, na mwisho anatoa povu jeupe. Aliyechanjwa anaweza kukipata pia ila kwa kawaida kinakuwa chepesi. Mtenge na mbwa wengine maana kinaambukiza, acha kamba ya shingoni tumia ile ya kifuani, na akiacha kula, akipata homa au akihema kwa shida, daktari.

Tabia ndo inachukua muda kidogo. Siku ya pili Simba aligeuka gundi, nikiingia chooni analala mlangoni pua chini ya uwazi. Wengine wanasahau hata choo ni nje. Dawa yake ni kuwa mtu wa kuchosha: saa zile zile za kula, matembezi yale yale, hakuna sherehe ukitoka wala ukirudi. Akikung'ang'ania usimfukuze, ila zoesha kumwacha peke yake dakika tano, kumi, nusu saa. Akisahau choo mtoe mara kwa mara kama kitoto kwa siku mbili tatu. Nyingi ya hizi zinaisha ndani ya wiki. Zisipoisha, au akiwa anajikunja ukiinua mkono wakati zamani hakuwa hivyo, hapo mi ningeacha kuitetea ile keneli na kutafuta nyingine.

Safari iliyofuata nilimpeleka kwanza usiku mmoja wa majaribio, na chakula chake mwenyewe na fulana yangu niliyovaa siku tatu bila kufua. Nilivyomfuata alininusa kiatu, akanipita, akaenda kwenye tairi. Akamaliza, akarudi, akanikalia mguuni.