Utafiti "wa bure" ulionipa deni: kwa ndugu mnaoalikwa kwenye majaribio ya hospitali Marekani

Bahasha ya kwanza niliifungua nikiwa bado natembelea magongo. Dola 7,900. Nilicheka. Nikamwambia mke wangu, "Hawa wamekosea, mimi niko kwenye utafiti," nikaitupa pamoja na matangazo ya piza. Ya pili sikuifungua. Zilizofuata nilizitambua kwa kile kidirisha chao cha plastiki, na zote zikaenda pipani. Desemba akanipigia mtu wa kukusanya madeni, mpole kabisa, akaniuliza kama nimeshajipanga.

Nawaandikia watu wa kwetu, hasa sisi wa Kanda ya Ziwa, kwa sababu nikilichunguza kosa langu naona lilianzia Mwanza, wala si huku Minneapolis, Marekani.

Aliyekulia Mwanza anawajua watu wa utafiti. Gari la NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, linaingia mtaani, mwenyekiti ametangaza tangu jana, mnapanga foleni, mnatoa damu au choo cha kupima kichocho, mnapewa dawa, na anayetoka mbali anarudishiwa nauli. Jaribio kubwa la magonjwa ya zinaa lilifanyika vijijini kwetu kati ya 1991 na 1994. Vituo vya afya vilipoboreshewa tiba ya magonjwa hayo, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40, na matokeo yalipotoka 1995 dunia nzima ya madaktari iliyasoma. Hatujasahau. Kwetu neno "utafiti" limebeba ndani yake neno "bure", na mtu hasimami kuuliza.

Halafu kuna hili la pili. Ukienda Bugando, hospitali yetu ya rufaa ya Mwanza, unaujua mwendo: kadi, dirisha la malipo, risiti, ndipo umwone daktari. Pesa inatangulia. Usipodaiwa dirishani unajua hudaiwi. Marekani unatibiwa kwanza, unapewa juisi na blanketi la moto, unasukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi mlangoni, hakuna anayetaja shilingi. Bili inakuja wiki sita baadaye wakati umeshamsahau hata sura aliyekuhudumia. Kwa hiyo ule ukimya wa dirishani usiusome kama tulivyozoea kuusoma nyumbani.

Nilianguka Januari 2023, kwenye barafu, nje ya duka la Wasomali nilikofuata unga wa ugali. Mfupa wa muundi ulivunjika mara mbili. Hospitali wakanidunga dawa ya maumivu, na nikiwa nimelala naona dari linaelea akaja dada mmoja mwenye tabasamu na kishikwambi. Akaniambia wana utafiti wa upasuaji wa mifupa, wanalinganisha njia mbili za kuunga muundi, ningependa kushiriki? Nikauliza swali moja tu: ni bure? Akajibu kwamba kushiriki hakutanigharimu chochote. Nikasaini kwa kidole.

Hakunidanganya. Nimelirudia jibu lile kichwani mara nyingi sana, na kweli, hakunidanganya. Kushiriki hakukunigharimu kitu. Kilichonigharimu ni kutibiwa.

Soma hapa polepole, maana ndipo nilipoanguka mara ya pili, na safari hii bila barafu. Fomu ya ridhaa ina kurasa nyingi. Yangu ilikuwa na 17. Mahali fulani katikati, kwangu ukurasa wa 11, kuna sehemu ya gharama. Inasema hivi, kwa maneno yangu: vitu vinavyofanyika kwa ajili ya utafiti peke yake vitalipwa na utafiti, matibabu ambayo ungeyapata hata usingeshiriki yatadaiwa kwako au kwa bima yako. Haya ya pili wanayaita matibabu ya kawaida. Yashike maneno hayo. Popote utakapoyaona kwenye fomu, weka kidole na uulize: ni yapi hasa, na ni dola ngapi?

Utafiti wangu ulilinganisha chuma kinachopitishwa ndani ya uboho wa mfupa na chuma bapa kinachofungwa kwa skrubu kando yake. Njia zote mbili zinatumika kila siku, hata hapo Bugando vijana wa bodaboda wanafungwa vyuma vya namna hiyo. Sasa piga hesabu. Kama njia zote mbili ni za kawaida, basi operesheni ni matibabu ya kawaida. Usingizi ni wa kawaida. Kitanda, picha za eksirei za mwezi wa kwanza, mazoezi ya viungo: kawaida, kawaida, kawaida. Utafiti ulilipia nini? Picha mbili za ziada, dodoso la simu, na dola 50 kila nilipohudhuria. Jaribio la dawa mpya kabisa ni tofauti, kule dawa yenyewe kwa kawaida hulipii. Lakini utafiti unaolinganisha njia mbili za zamani, ndugu yangu, huo hauna bure ndani yake. Narudia: wakilinganisha vitu viwili ambavyo hospitali tayari inaviuza, utavinunua.

Rafiki yangu mmoja wa Shinyanga, amesoma na anafanya kazi hospitalini, alinishikilia kwamba sheria inazilazimisha kampuni za bima kulipa. Sheria ipo, ilianza kutumika 2014, na inasema bima isikatae gharama za kawaida za mtu aliye kwenye jaribio linalokubalika. Lakini inataja saratani na magonjwa mengine yanayotishia uhai. Muundi uliovunjika hautishii uhai. Presha ya macho, ambayo nitaifikia kwa habari ya mama yangu, inapofusha lakini haiui. Na hata bima inapolipa, kama yangu ilivyolipa sehemu kubwa, kile kiasi cha mwanzo isichokigusa pamoja na mgawo wako vinabaki mgongoni mwako. Zile 7,900 ndizo zilizobaki.

Kilichoniumiza zaidi hata hivyo ni zile bahasha. Hospitali zisizo za faida huku, ambazo ni nyingi, zinatakiwa na sheria ya kodi kuwa na utaratibu wa kuwasaidia wenye kipato kidogo. Unajaza fomu, unaambatisha hati za mshahara, wanakupunguzia au wanafuta kabisa. Una siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali. Mshahara wangu wa kulea wazee usiku ungenistahilisha. Nilipofungua bahasha, mlango huo ulikuwa umefungwa miezi miwili nyuma, na maelezo yake yalikuwa yameandikwa, wapi tena, nyuma ya bili niliyoitupa. Usitupe bahasha. Hata ukijua kwa uhakika kwamba wamekosea, usitupe bahasha. Ifungue, piga simu, sema "naomba msaada wa kulipa", omba fomu siku hiyohiyo.

Nimeishi na Wamarekani miaka 9 na sasa nina maoni yangu. Mtu wa huku akitaka kukwambia jambo baya hakwambii, anakuandikia. Mdomo ni wa tabasamu na "usijali". Ukweli unakaa kwenye karatasi, katikati, kwa herufi ndogo. Kwetu ni kinyume: karatasi ni mapambo, mhuri tu, mapatano yamefanyika kwa mdomo mbele ya mashahidi. Mimi nilisikiliza mdomo nikasaini mapambo. Lakini niwape haki yao pia: ukiuliza kwa kutaja ukurasa, wanajibu bila kuficha. Na ukisema hapana hawanuni. Unaweza kukataa, unaweza kutoka katikati, matibabu yako hayaguswi.

Mengine ni mepesi. Omba fomu uende nayo nyumbani, isipokuwa kama ni dharura. Jaribio litafute kwenye ClinicalTrials.gov uone linalinganisha nini na kwa muda gani. Kama Kiingereza kinakupa shida omba mkalimani wa hospitali, usimtumie mtoto wako wa darasa la saba. Namba ya kamati ya maadili huwa mwishoni mwa fomu, iandike. Angalia fomu inasemaje ukiumizwa na jaribio: sheria ya huku hailazimishi mtu akulipe fidia, inalazimisha tu waandike kama ipo au haipo. Zile dola 50 nazo ni kipato mbele ya mtu wa kodi.

Wenye magoti yanayouma mjue jambo moja zaidi, maana matangazo ya magoti ni mengi. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti wa Houston: watu 180 wenye goti lililochakaa, wengine walisafishwa goti kwa kamera, wengine walichanjwa ngozi tu na kushonwa bila kuguswa ndani. Miaka miwili baadaye hapakuwa na tofauti ya maumivu. Sayansi ilifaidika sana, operesheni isiyo na maana ikaanza kuhojiwa. Waliingia wakijua wanaweza kukatwa ngozi tu bila kutibiwa, walikiri hivyo kwa maandishi yao. Wewe je, shangazi utamwelezaje kwamba amesafirishwa toka Magu kuja kushonwa ngozi?

Na hapa nije kwa ndugu. Kwenye kundi letu la ukoo kuna mama mdogo ambaye kila mwezi huuliza, "Kwani huko si wanawalipa watu kwenye tafiti? Mwingize dada basi." Dada yake ndiye mama yangu. Mama mdogo, nakuheshimu, umenilea pale Kirumba kwa dagaa na viazi, lakini hospitali ya huku si kivuko cha Busisi cha enzi zile kwamba ukishafika foleni utavuka tu.

Maana mama yangu alikuja kweli, Mei 2024, kutembea, amegongewa mhuri wa kukaa miezi sita. Ana presha ya macho, anatumia matone ya timolol asubuhi na jioni, na upande wa kushoto alikuwa ameanza kugonga milango. Kwenye ubao wa matangazo wa kanisa kulikuwa na karatasi: jaribio la matone mapya ya presha ya macho, watu wenye asili ya Afrika wanahimizwa sana. Sababu yao ni ya kweli, ugonjwa huu unatupata sisi zaidi na mapema zaidi, na majaribio mengi yamejaa Wazungu. Mke wangu alishapiga simu kabla sijarudi kazini.

Safari hii nilikwenda na kalamu. Niliuliza ya gharama, dada wa jaribio hilo akanijibu: dawa na vipimo ni vya utafiti, dharura ya jicho ni yenu. Bima yake ya utalii haikugusa ugonjwa aliokuja nao. Nikauliza ya muda: miezi 12, yeye ana miezi sita. Lakini lililonikalisha chini ni swali ambalo nusura nisiliulize, la matone anayotumia sasa. Akasema, "Ataacha kwa wiki nne kabla ya kuanza, ili dawa ya zamani iishe jichoni tupate kipimo safi." Wiki nne bila kinga, kwa jicho ambalo limeshaanza kupotea. Na wakimpima baada ya hizo wiki wanaweza bado kumkataa, akarudi nyumbani hana jaribio na alikuwa hana matone. Kinachopotea kwa presha ya macho hakirudi, hata kwa leza, hata kwa kisu. Kwa mgonjwa wa hatua za mwanzo anayefuatiliwa kwa karibu huenda ni sawa, wataalamu wamepima. Kwa mama, mgeni, asiye na bima, nilisema hapana, na yule dada akasema ameelewa na akanishukuru kwa kuuliza.

Kumbe jibu la mama halikuwa huku. Nilipokuwa nasoma usiku kazini nikakuta jaribio lililofanyika KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, likachapishwa 2021: wagonjwa 201 wa presha ya macho, wengine timolol ileile ya mama, wengine walipigwa leza kwenye pembe ya jicho, pale maji ya ndani ya jicho yanapopitia kutoka. Baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefaulu kwa asilimia 61 ya macho, timolol asilimia 31. Watu wa kwetu, macho ya kwetu, umaskini wa kwetu wa kusahau kununua matone mwezi ukiisha. Mimi nilikuwa namtafutia mama jaribio Minnesota na lililomhusu lilikuwa limeshamalizika, safari ya basi moja kutoka Mwanza.

Alirudi Oktoba. Novemba akapanda basi la alfajiri akiwa na mdogo wangu, Shinyanga, Singida, Arusha, hadi Moshi, akalipa dirishani kwanza, akapewa risiti, akapigwa leza. Bado anapimwa kila baada ya miezi michache. Mimi nalipa dola 120 kila tarehe 5, bili naifungua palepale mlangoni, na zimebaki 4,180.