Kuweka maandishi ya Kiyi kwenye kompyuta bila kupoteza herufi

Wanuosu, kundi la Wayi wa Liangshan, mkoani Sichuan nchini China, huandika Kiyi kwa silabi: herufi moja hubeba konsonanti, irabu na toni kwa pamoja. Herufi hizo sanifu ziliingia katika Unicode, kiwango kinachoipa kila herufi namba yake (huandikwa U+), toleo la 3.0 mwaka 1999. Ziko 1,165, kuanzia U+A000 hadi U+A48C. Alama 55 zinazofuata, U+A490 hadi U+A4C6, ni za kupangia kamusi, usiandikie maneno.

Hifadhi faili kwa UTF-8, njia ya kugeuza namba za Unicode kuwa baiti, kisha uipime. Andika ꆈꌠ (Nuosu) peke yake na ulifungue faili hilo kwa programu inayoonyesha baiti. Lazima uone EA 86 88 EA 8C A0, yaani baiti tatu kwa kila herufi. Katika ukurasa wa wavuti weka charset="utf-8" na lang="ii" (msimbo wa lugha ya Kinuosu), na utaje fonti mbili: Noto Sans Yi, halafu Microsoft Yi Baiti.

Mambo yakiharibika, tazama kwanza kilichoonekana kabla hujagusa chochote. Visanduku vitupu maana yake fonti haipo. Maandishi yako salama, sakinisha fonti tu. Alama za kuuliza zilizohifadhiwa ndani ya faili ni msiba: herufi zimeshafutwa, rudi kwenye nakala ya awali.

Ukiona ꆈ badala ya ꆈ, baiti bado ni nzima ila zimesomwa kama Windows-1252, usimbaji wa zamani wa herufi za Kilatini. Funga bila kuhifadhi, ufungue upya kwa UTF-8. Hapa haraka huponza. Baiti ya mwisho ya ꌠ ni A0, ambayo kwa Windows-1252 ni nafasi isiyoonekana. Programu inayopunguza nafasi mwishoni mwa mstari inaweza kuifuta, na ukijaribu kurejesha maandishi utabaki na EA 8C, ambazo si herufi yoyote.

Kosa lingine hutokea wakati wa kuchapa. Toni ya x (inayoandikwa kwa x mwishoni mwa silabi katika tahajia ya Kilatini) huonyeshwa kwa upinde juu ya herufi, na wengi hudhani wanaweza kuchapa herufi kavu halafu kuiongezea upinde kutoka alama za Kilatini. Usifanye hivyo. Kila silabi yenye upinde ina namba yake, kwa mfano ꀁ (ix) ni U+A001 na ꀂ (i) ni U+A002. Unicode haiunganishi vipande hivyo hata ukitumia NFC (kanuni ya Unicode ya kuunganisha herufi na alama zake), kwa hiyo neno litafanana machoni lakini halitapatikana kwenye utafutaji.

Ukiandika programu ya kuhesabu silabi, iondoe U+A015. Jina lake rasmi linaitaja kuwa silabi WU, lakini ni alama ya kurudia silabi iliyotangulia. Jina liliwekwa kimakosa, na Unicode haibadilishi majina ya herufi.